Vijiti vya kulehemu alumini: nunua, lakini ngazi ya bosi usiiguse

Kila msimu wa baridi ukiisha na kazi za nje zikifunguka, swali hili linanirudia. Mtu ameona video kwenye simu. Jamaa ameshika kopo la soda lenye tundu, anapitisha moto wa gesi chini yake, anagusisha kijiti, na tundu limezibika. Haichukui hata dakika. Halafu napata ujumbe: "Kaka, hivi vijiti ni vya kweli au utapeli? Nikinunua nianze kutengenezea watu vitu wikendi, si nitapata ya kuongezea kwenye hela ya nyumbani?"

Nijibu kwa mpigo mmoja. Vijiti ni vya kweli. Biashara ya wikendi, kwa wengi wetu, hailipi. Na kati ya hayo mawili kuna ngazi iliyopasuka, ambayo ndiyo imenifanya niandike leo badala ya kuendelea kumjibu mmoja mmoja.

Kwanza kitu chenyewe. Vijiti hivi vingi ni mchanganyiko wa zinki na alumini, na zinki ndiyo nyingi. Vinayeyuka kwenye nyuzi kama 380 za Selsiasi, ambazo ni karibu 730 za Farenhaiti utakazoziona kwenye pakiti za hapa. Alumini safi inayeyuka kwenye 660. Hiyo nafasi ya katikati ndiyo siri yote: unaweza kupasha kipande chako mpaka kijiti kiyeyuke, na kipande chenyewe kikabaki kizima. Muuzaji anaita kuchomelea. Siyo kuchomelea. Fundi akichomelea, vyuma vyenyewe vinayeyuka na kuwa kitu kimoja. Hapa kinachoyeyuka ni kijiti tu, kinashika juu ya alumini na kuganda. Hata vitabu vya ufundi vya hapa Marekani, kazi yoyote inayofanyika chini ya nyuzi 450 vinaihesabu ni kulehemu tu, ndugu yake na ile risasi ya kuungia nyaya za redio. Ni gundi ya chuma. Gundi nzuri na ngumu, lakini ni gundi.

Ukinunua mtandaoni, angalia unachonunua. Vipo vijiti vingine vya alumini na silikoni ambavyo vinayeyuka kwenye nyuzi 580 hivi. Vyenyewe vina nguvu zaidi, lakini alumini ya kawaida ya ujenzi nayo inaanza kulainika hapo hapo. Anayejifunza atatoboa kazi kabla hajaiunga. Soma joto la kuyeyuka kwenye pakiti. Kama muuzaji hajaliandika, mwachie pakiti yake.

Sasa, alumini ina tabia mbili ambazo video haikwambii. Ya kwanza, ina ngozi. Ukiisugua ikang'aa, hewa inaivalisha ngozi mpya papo hapo, nyembamba huioni, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Moto wako wa gesi hauiwezi. Kama hujaipasua kwa mkono, kijiti kinaelea juu ya ngozi na kesho kinabanduka kama rangi ya kucha. Ya pili, alumini haikuonyi. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unajua. Alumini inabaki na rangi ile ile mpaka dakika inapoanguka chini ikiwa uji.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Ondoa mafuta yote, kausha. Kama ni ufa, uchimbe kwa tupa uwe na umbo la V ili dawa ipate pa kukaa. Sugua kwa brashi ya waya ya stenlesi, na iwe brashi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kutu. Ukimaliza kusugua anza kazi hapo hapo, usiende kula kwanza. Pasha kipande, usipashe kijiti. Moto utembee, usisimame mahali pamoja, na pale penye unene pape moto zaidi kuliko penye wembamba. Kila baada ya muda ondoa moto, gusisha kijiti. Kipande kikiwa tayari, chenyewe ndicho kitakachoyeyusha kijiti, kama siagi kwenye chapati iliyotoka jikoni. Ukiona kijiti kinajikusanya kuwa kidonge na kubingirika, ama hapajapata moto, ama ni pachafu. Kikishayeyuka, kwangua ndani ya ule ujiuji kwa ncha ya kijiti au msumari wa stenlesi, ili upasue ile ngozi iliyo chini yake. Mkwaruzo huo ndio unaoshikisha. Halafu acha ipoe yenyewe. Usimwagie maji.

Kopo la soda ni jembamba kama karatasi, linapata moto kwa kuliangalia tu. Mlete jamaa wa video kwenye mfuniko wa pampu wenye unene wa kidole, uone. Alumini inanyonya joto na kulisambaza kote, na chupa ndogo ya gesi inaweza kuhangaika robo saa bila kufika. Ndiyo maana wenye uzoefu wanapendelea ile chupa ya njano kuliko ya bluu: moto wake una nguvu kidogo zaidi. Kidogo tu, isiwe sababu ya kununua vitu ambavyo huna kazi navyo.

Hesabu sasa, maana hapa tunazungumza hela. Mtu asiye na chochote atahitaji kichomeo chenye kiberiti chake, chupa ya gesi, vijiti, brashi, glavu za ngozi na miwani. Duka hadi duka bei zinatofautiana, lakini ukijumlisha utakuta unacheza kati ya dola 80 na 100. Kima cha chini Maryland ni dola 15 kwa saa tangu Januari 2024. Dola 100 ni karibu saa saba za kazi, na hapo kodi hazijakatwa. Hiyo ni siku yako nzima. Kitu gani nyumbani kwako cha alumini kimevunjika chenye thamani ya siku nzima?

Kwa dada anayelea watoto Bethesda na kukaa chumba cha kupanga Wheaton, jibu ni hakuna. Asinunue. Kwa fundi wa vigae mwenye msumeno wa maji, jibu linabadilika. Namjua mmoja ambaye trei ya msumeno wake ilipasuka kona, maji yakawa yanamwagika kwenye sakafu za watu. Nusu kijiti, dakika ishirini, trei inashika maji mpaka leo. Huyo hakununua kwa sababu ya video. Alinunua kwa sababu alikuwa na kipande mkononi, anajua bei ya kipya, na anajua kikivuja tena atakachopata ni maji kwenye viatu. Kona ya sanduku la vifaa la kwenye lori, fremu ya mlango wa wavu, tundu la skrubu lililolika ambalo unalijaza, unatoboa upya na kulitengenezea njia mpya ya skrubu: hivyo vyote ni kazi halali ya vijiti hivi. Mtu wa ujenzi mwenye zana zake mwenyewe atarudisha hela yake ndani ya mwaka. Kwake nasema nunua bila wasiwasi.

Lakini kufungua biashara ni habari nyingine. Tumetoka kwenye nchi ambazo kazi ya mkono ni rahisi na kitu ni ghali, kwa hiyo sufuria inatengenezwa mara tatu kabla haijaitwa chuma chakavu. Hapa ni kinyume. Kitu ni rahisi na mkono ni ghali. Mmarekani hatakulipa dola 40 utengeneze kiti cha bustani ambacho kipya ni dola 35. Gata la nyumba, ambalo kila mtu ananiuliza, ni bati jembamba lililopakwa rangi. Rangi inaungua na kutoa moshi, bati linapinda, na ukuta wa nyuma mara nyingi ni wa plastiki inayoyeyuka. Mirija ya sili ya gata inafanya kazi hiyo kwa dola chache. Tena kutengeneza nyumba ya mtu kwa malipo huko Maryland kunahitaji leseni ya MHIC, ile tume ya ukarabati wa nyumba. Bila leseni, mteja akikataa kukulipa huna pa kusimamia, na kesi inaweza kugeuka ikawa yako.

Halafu kuna mahali pa kufanyia. Wengi wetu tunakaa maghorofa: Langley Park, Hyattsville, Columbia Pike, Alexandria. Moto wa gesi kwenye baraza ya ghorofa ya tatu si kazi ya pembeni, ni notisi ya kuhama. Soma mkataba wako wa kupanga. Sehemu inayofaa ni sakafu ya saruji, nje, hakuna majani makavu, ndoo ya maji au mtungi wa kuzimia moto karibu, na ukimaliza unakaa pale nusu saa nyingine. Hata kwenye saiti sheria ya moto ndiyo hiyo: kazi ya moto inaombewa ruhusa, na mtu anabaki kuangalia angalau nusu saa baada ya moto kuzimwa.

Basi tufike kwenye ngazi.

Ujumbe ulioniamsha ulitoka kwa kijana anayepaka rangi nyumba upande wa Virginia. Bosi wake ana ngazi ya alumini ya kurefusha, kipandio kimoja kimepata ufa pale kinapoingia kwenye mhimili. Bosi ameona video ile ile. Akamwambia, wewe una mkono mzuri, nunua vile vijiti uizibe, nitakurudishia hela. Kijana anauliza aina gani ya vijiti itafaa.

Hakuna aina. Na sababu si kwamba gundi ni dhaifu. Wauzaji wanapenda kugonga kipande chao kwa nyundo kuonyesha kwamba kiungo hakivunjiki, na mara nyingi kweli hakivunjiki. Tatizo liko pembeni ya kiungo. Alumini ya ngazi haikupata nguvu yake kwa kuyeyushwa tu. Ilipashwa na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu, ndipo ikawa ngumu. Ukiipasha tena mpaka nyuzi 380 ugumu ule unaondoka. Aina moja inayotumika sana kwenye kazi za kubeba uzito, wanaiita 6061, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ikipashwa hivyo. Kwa macho huoni kitu. Inang'aa vile vile, imenyooka vile vile. Ufa umezibika vizuri, na inchi mbili kushoto na kulia kwake umeacha chuma laini ambacho jana kilikuwa kigumu. Unapanda na ndoo ya galoni tano, na kinachopinda si pale ulipoziba.

Ndiyo maana nasema ngazi iliyolehemiwa ni mbaya kuliko iliyopasuka. Iliyopasuka kila mtu anauona ufa.

Sheria ya usalama kazini, OSHA, haina maneno mengi hapa. Ngazi yenye kasoro inawekwa alama ya kutotumika na kuondolewa kazini mpaka itengenezwe, na matengenezo lazima yairudishe kwenye uwezo wake wa asili. Kichomeo cha dola 50 hakiwezi kufanya hivyo. Virginia na Maryland wana ofisi zao za kusimamia sheria hizi, na DC kampuni binafsi ziko chini ya OSHA ya taifa. Sheria hizo zinamlinda mfanyakazi bila kuuliza karatasi zake za uhamiaji, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri. Namba ya taifa ni 1-800-321-6742.

Najua kusema hapana si rahisi. Unalipwa mkononi au kwa 1099, kesho anaweza kumwita mwingine. Nilichomwambia kijana yule ni hiki: usimwambie bosi "siwezi", mwambie "nikiitengeneza na mtu akaanguka, jina la mwenye ngazi ndilo litakaloulizwa". Bosi wengi wanaelewa lugha hiyo haraka kuliko lugha ya haki. Na asitangulize hela yake kununua kifaa cha kutengeneza mali ya bosi, hata kama ni dola 20. Bosi anataka ngazi nzima, anunue ngazi. Ngazi ya futi sita ni gharama ya siku moja ya kazi. Mgongo uliovunjika ni miezi bila kutuma chochote, na kule nyumbani ada ya shule haina habari kwamba ulianguka. Ukiwa mtu wa 1099, hata fidia ya kuumia kazini unaweza kuigombania miaka.

Ninyi mnaolea wazee msidhani hili haliwahusu. Ile woka ya mgonjwa, ya miguu minne, ni mabomba ya alumini yaliyotengenezwa kwa namna hiyo hiyo. Mguu ukipasuka, mtoto wa mgonjwa mwenye vifaa gereji atataka kuuziba, au atakuuliza kama kwenu hamna mjomba fundi. Kataa. Medicare sehemu ya B inahesabu woka kuwa kifaa cha tiba: baada ya kile kiwango cha mwaka ambacho mgonjwa anajilipia, inalipa asilimia 80 ya bei inayoikubali, na inagharamia pia matengenezo ya kifaa ambacho ni mali ya mgonjwa. Mwambie nesi au wakala wako siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na maandishi. Mzee akianguka ukiwa zamu, swali la kwanza litakuwa nani alijua. Kigari cha mtoto nacho ni hivyo hivyo.

Na sufuria? Hili linanihuzunisha kidogo kwa sababu ndilo la kwanza tunalolifikiria, sisi watu wa sufuria. Usizibe sufuria kwa vijiti vya zinki. Nyanya, ndimu, ukwaju, vyote vina asidi, na asidi inaiyeyusha zinki ikaingia kwenye mchuzi. Zinki nyingi tumboni inaleta kichefuchefu na kutapika. Isitoshe, sufuria ikisahaulika tupu juu ya jiko inaweza kufikia joto la kuyeyusha kile kiraka. Sufuria iliyotoboka, iage.

Kiyoyozi cha gari sitakaa nacho sana. Mabomba yake ni ya alumini, na video zipo. Ile gesi ya baridi kuiachia hewani ni kosa la sheria ya taifa tangu 1992, kuishughulikia kwa malipo kunahitaji cheti, na ikikutana na moto inageuka sumu. Achana nacho.

Kabla hujawasha moto kwenye kipande chochote cheupe chepesi, hakikisha ni alumini kweli. Kuna vitu viwili vinavyofanana nayo. Kimoja ni zinki ya kumimina, ile ya vitasa, komeo na midoli ya zamani. Inayeyuka kwenye joto lile lile la kijiti, kwa hiyo kazi na kijiti vitamwagika pamoja. Utaitambua kwa uzito: ni nzito zaidi ya mara mbili ya alumini. Kingine ni magnesiamu, na huyu ndiye hatari. Kuna mikokoteni ya kubebea mizigo na maganda ya zana za umeme yaliyotengenezwa nayo. Ni nyepesi kuliko alumini, na ikishika moto inawaka kwa mwanga mkali. Maji yanauzidisha. Kwangua sehemu ndogo, dondoshea siki. Ikitoa mapovu, weka kichomeo chini.

Na moshi. Ukiona moshi mweupe unatoka kwenye kijiti, umezidisha moto, unachoma zinki. Ukiuvuta, jioni utapata homa, kutetemeka, viungo kuuma. Utadhani malaria imekufuata Amerika. Kwa kawaida inapita siku moja au mbili, lakini siku mbili za kulala ni siku mbili bila malipo. Fanya kazi nje, kaa upande upepo unakotoka. Na kitu chenye rangi ya zamani, hasa cha nyumba za kabla ya 1978 ambazo DC imejaa, usikichome kabisa. Rangi ile inaweza kuwa na risasi ya sumu.

Wapo wanaoniambia, sawa, hapa hakulipi, nitamtumia mdogo wangu nyumbani ndiye afungue kibanda. Vijiti unaweza kuviweka kwenye sanduku la safari. Chupa ya gesi hapana: haipandi ndege, iwe sanduku la mkononi au la chini, na kwenye pipa la kusafirisha usiifiche. Kichomeo chenyewe kina nyuzi za Kimarekani ambazo hazifungi kwenye mtungi wa nyumbani bila kiungio cha kati, kwa hiyo ukikituma peke yake umetuma pambo.

Lakini pingamizi langu kubwa si hilo. Mafundi wa Kamukunji, Gerezani na Katwe hawana upungufu wa vijiti. Wanachomelea alumini kwa oksijeni na asetilini, wanaiyeyusha na kuimimina upya, tangu wewe hujapata viza. Mdogo wako akikaa pembeni yao na vijiti vya zinki atakuwa fundi wa kuziba, wakati jirani yake ni fundi wa kuunda. Hela hiyo hiyo mlipie VETA kama yuko Tanzania. Kama yuko Kenya na tayari anajua kazi, msaidie afanye mtihani wa NITA apate gredi yake kwenye karatasi. Cheti kitamfungulia tenda na ajira ambazo kijiti hakifungui. Ukituma, tuma moja kwa moja kutoka benki au kwa kadi yako ya benki: tangu Januari 1, 2026 anayetuma kwa kulipa pesa taslimu dirishani anakatwa kodi ya asilimia 1, anayetumia akaunti au kadi ya benki ya Marekani hakatwi.

Na wewe uliye hapa, kama mkono wako kweli unapenda moto na chuma, usiishie kwenye chupa ya njano. Chuo cha jamii cha Northern Virginia, kampasi ya Manassas, wanafundisha kuchomelea. Montgomery College kule Rockville wana taasisi ya Gudelsky inayofundisha kazi za ufundi. Anayejua kuchomelea alumini kwa mashine na gesi ya argoni, au aliyesomea viyoyozi akapata cheti chake, hana haja ya kuniuliza kuhusu mishe za wikendi. Ada ni kubwa kuliko dola 100, ndiyo. Weka dola 25 kila wiki kwenye akaunti tofauti, mwaka mmoja una 1,300, na hiyo inakufikisha mlangoni.

Wakati huo unajifunza, usifanyie mazoezi kwenye kitu unachokihitaji. Pale Edmonston, karibu na Hyattsville, kuna Community Forklift, ghala la vifaa vya ujenzi vilivyotumika. Tafuta vipande vya alumini vya bei ndogo, vikate, viunge, halafu uvivunje kwa nyundo uone vimevunjikia wapi. Vikivunjika kwenye kiungo na ukaona alumini safi inayong'aa chini yake, ngozi haikupasuka: rudi kwenye brashi. Vikipinda pembeni ya kiungo, umeungana vizuri, na umejionea mwenyewe habari ya ngazi.

Chupa ikiisha gesi usiitupe kwenye pipa la taka la jengo. Kwa wakazi wa kaunti ya Montgomery, kituo cha Shady Grove kule Derwood kinazipokea.